Masikio Yangu Yabaki Nyamira

Mwanangu Kerubo,

Jua limeshuka, Sabato imekwisha, na sasa naweza kushika kalamu bila mama yako kuninyooshea kidole. Yuko jikoni anachemsha chinsaga, ile mboga chungu unayoipenda, ati usifike Eldoret ukaanza kuitamani siku ya kwanza. Wewe umeenda kumuaga shangazi yako, na najua utakawia, maana kwake mtu haondoki bila kikombe cha pili. Mabegi yako yako hapa sebuleni, karibu na miguu yangu.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kupiga simu ukifika na kutafuta kanisa. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima mpaka mbwa ameyashika. Mimi nina jambo moja tu. Unaenda kuanzisha kampuni yako ya kutengeneza podikasti, wewe na mwenzako Chelagat, na naogopa itakufa. Siogopi mkose wateja, wateja mtapata. Naogopa itakufa vile yangu ilivyokaribia kufa, na aliyekaribia kuiua yangu ni mimi mwenyewe. Tena kuna kitu nimekifanya wiki hii hii, na nisipokuambia, nitakuwa nimeanza kuiua na yako kabla haijafungua mlango. Nitakifikia. Usiruke kurasa, mama, nakujua.

Tuanze na Chelagat. Simwamini.

Siku ile alipokuja hapa nyumbani alicheka kila nilichosema, hata nilipomwambia choo kiko wapi. Alisema "usijali, mzee" mara nyingi mno kwa mtu ambaye hatujakosana. Halafu aliitazama ile mashine yangu ya kuchanganyia sauti, akaitazama sana, na mimi nikamtazama akiitazama. Mlipotoka nikamuuliza mama yako, "Umeona alivyoipigia hesabu mashine yangu?" Mama yako akasema, "Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka kikombe. Umejaza nyaya kila pahali."

Basi. Lakini sikiliza hili vizuri: mimi simwamini mtu yeyote. Simwamini mwenye agrovet, lile duka la dawa za mifugo lililo chini ya studio yangu, eti kwa sababu hunisalimia kwa furaha sana. Simwamini yule aliyenichimbia kisima, ingawa maji yanatoka. Daktari wa meno aliponiambia sina tatizo nilikwenda kwa mwingine. Kwa hivyo ukinisikia nikisema simwamini Chelagat, hujapata habari yoyote kumhusu Chelagat, umepata habari kunihusu mimi.

Wewe hukuiona studio ilipoanza, ulikuwa bado unavaa sare ya msingi. Nilikuwa nachukua video za harusi na matanga, najulikana Nyamira nzima kama mtu wa kamera. Siku moja daktari mmoja wa Kisii mjini akaniuliza kama ninaweza kumrekodi akieleza habari za presha ya damu kwa Ekegusii, kitu mtu anaweza kusikiliza kwenye simu huku anachuma majani chai. Nikasema naweza, sikuwa najua hata kitu hicho kinaitwaje. Nikakodi kile chumba juu ya agrovet, nikatundika mablanketi ya bibi yako ukutani, nikaanza. Baada ya daktari wakaja wakulima wa ushirika kule Marani, wakaja akina mama wafanyabiashara wa Masimba. Kazi ikawa nyingi, na kazi yote nikaifanya mimi. Kurekodi mimi, kukata mimi, kupandisha vipindi mtandaoni mimi, kushika simu mimi.

Watu wakinionea huruma nilisema sina wa kunisaidia. Uongo. Vijana waliomba kazi, tena wazuri. Shida ilikuwa kwamba kila nilipomwangalia kijana nilimwona akiwa tayari amefungua studio yake barabara ya pili, na wateja wangu wamekaa kwenye viti vyake.

Neno la siri la ule mtandao tunaopandishia vipindi nilikuwa nalo mimi peke yangu, kichwani. Nililibadilisha kila Jumatatu, nisije nikaibiwa. Ikawa wiki ile mjomba wako alipofariki, tukaenda Masimba kwa mazishi. Unajua mazishi ya kwetu, huendi na kurudi. Unakaa, unapokea watu, unachimba kaburi, unasikiliza hotuba za watu ambao hawakumpenda marehemu. Siku ya kipindi cha daktari ikafika, simu yangu haina moto, na nilipopata pa kuichaji nikakuta nimelisahau neno la siri. Nililibadilisha mimi, nikalificha mimi, nikajiibia mimi! Kipindi hakikutoka. Daktari akanipigia, akanipa pole ya msiba, halafu kwa upole kabisa akasema amepata watu wengine. Nilimkasirikia miezi mingi, nikisema alikuwa anatafuta tu sababu ya kuniacha.

Na hapa nyumbani ilikuwaje? Mwenyekiti wa ushirika wa Marani, unamkumbuka yule, alikuwa anakuja jioni na mkungu wa ndizi. Kwetu mtu akifika mlangoni kwako na ndizi huwezi kumwambia ofisi imefungwa. Unampokea, unamkalisha, unaitisha chai. Na ukishapokea ndizi zake umepokea na shida yake. Mara nimwondolee kicheko chake, mara nikirudishe, kimekuwa kizuri. Mara kuna ng'ombe analia nyuma ya sauti, nimtoe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wake! Nami nakaa na kompyuta mapajani, chakula kinapoa, wewe una daftari la hesabu mkononi unangoja nikusaidie, nakwambia ngoja kidogo. Ukalala ukingoja. Mama yako alikubeba akakupeleka kitandani, akarudi, akaziweka zile ndizi nje ya mlango. Mwenyekiti akazidi kunywa chai.

Huko Eldoret hawatakuletea ndizi, watakuletea mursik, yale maziwa yao ya mala. Ipokee, ni heshima, uinywe na ushukuru. Lakini kipindi kirekebishwe ofisini.

Mwishowe mwili ukakataa, nikaajiri mtu. Ndiye Nyaboke. Wewe ulimwona mara chache tu, ulikuwa umeenda bweni. Mkatoliki, mwembamba, anaongea upesi na hakuogopi. Wiki yake ya kwanza aliniuliza, "Mzee, mbona tunarekodi mchana?" Nikamwambia ndio wakati wageni wana nafasi. Akaonyesha dari kwa kidole. "Na mvua?" Mvua ya kwetu unaijua, ikishuka mchana kwenye mabati husikii hata mawazo yako. Nilikuwa nasimamisha mazungumzo kila siku, tunakaa na mgeni kama watu wanaongoja gari, halafu usiku nahangaika kuunganisha vipande. Nyaboke akahamisha kurekodi kote asubuhi. Mchana mvua ikinyesha watu wanakata sauti, wamevaa visikizi, hawana habari. Akaandika kila hatua ya kazi kwenye karatasi, akabandika ukutani, nani anafanya nini na akimaliza anampa nani. Akaniletea kijana wa kusaidia, Ombati. Mwenyekiti alipokuja na mkungu wake studioni, Nyaboke akaupokea kwa mikono miwili, akamwambia, "Ndizi tumeshukuru sana. Marekebisho ya kipindi yaje kabla ya Jumatano, na ni mara mbili tu."

Mwenyekiti akasema sawa.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikwenda nyumbani nikiwa na wasiwasi. Mbona amekubali haraka hivyo? Mimi nilishindwa na mtu huyu miaka, msichana amemmaliza kwa maneno mawili. Wana nini hawa wawili? Na mbona Nyaboke anafanya kazi vizuri hivi? Mtu mzuri namna hii anataka nini kwangu? Kadiri kazi ilivyonyooka ndivyo nilivyozidi kukosa usingizi. Kerubo, huo ni ugonjwa. Ukianza kuumwa kwa sababu mambo yanakwenda sawa, nenda ukazungumze na mtu.

Sasa nikueleze habari ya kanisani. Wewe uliambiwa kwamba baba aliumwa tumbo, ndiyo sababu aliacha kukaa mbele na wazee wa kanisa. Halikuwa tumbo.

Tulipata mteja wa Kisii mjini, mchambuzi wa mpira. Kipindi chake kilikuwa kinatoka Jumamosi mchana, kabla mechi hazijaanza. Jumamosi! Mimi mzee wa kanisa la Wasabato! Lakini alikuwa mteja mkubwa, nami nikapata akili ya kijanja: Nyaboke ni Mkatoliki, Ombati haendi popote, wao wafanye Jumamosi, mimi nikiwa safi kanisani. Nikamwambia mama yako. Aliacha kukoroga ugali. "Amri inasema wewe, na mtumishi wako, na hata ng'ombe wako," akasema. Nikamjibu, "Nyaboke si mtumishi, ni mfanyakazi." Alinitazama vile anavyomtazama mtu anayepunguza bei ya ndizi zake sokoni.

Lakini ningekaaje kanisani wakati watu wawili wako peke yao ndani ya studio yangu? Na mashine zangu, na majina ya wateja wangu? Nikatafuta programu, nikaiweka kwenye kompyuta ya studio, ikawa nikiwasha simu popote nilipo naisikia studio kupitia maikrofoni zenyewe. Kila Sabato nilikwenda na simu ndani ya lile jalada la Biblia lenye zipu, na kisikizi kidogo kisicho na waya kwenye sikio la kushoto. Nilikuwa naegemeza kichwa kwenye kiganja ili kisionekane. Watu walidhani nasikiliza neno kwa makini sana. Mchungaji alinitaja mara moja kama mfano.

Nilisikia nini? Hakuna kitu! Kiti kikisogea, Ombati akipiga mluzi, Nyaboke akisema rudisha hapo, kata hapo. Nilivyokosa kusikia ubaya ndivyo nilivyojua wanauficha.

Mwaka huo kanisa lilikuwa limenunua spika mpya, na aliyezifunga ni mimi. Nilizijaribu kwa simu yangu mwenyewe, kwa blututhi. Zikaikumbuka simu yangu, mimi nikasahau. Sabato ile, katikati ya maombi, watu wamepiga magoti, kisikizi changu kikaisha chaji. Simu haikuona sikio langu, ikatafuta pengine. Kwanza tukasikia kiti kikilia, kanisa zima. Halafu sauti ya Ombati, kubwa, kutoka pande zote mbili za mimbari: "Nyabs, hii siku imeboeka, si tufungulie miziki?"

Nilijua mara moja. Nilianza kuvuta zipu ya lile jalada, zipu ikakwama. Nyaboke akajibu, wazi kabisa, "Ongea vizuri, Ombati. Mzee anatusikiliza. Saa hizi yuko kanisani, sisi ndio mahubiri yake."

Vichwa vikainuka kutoka kwenye maombi. Halafu Nyaboke akaongeza, kwa upole, vile unavyomsalimia mtu aliye nyuma ya mlango, "Sabato njema, mzee."

Na watoto waliokuwa kwenye viti vya mbele, vile wamefundishwa, wakaitikia kwa sauti moja, "Sabato njema!"

Mama mmoja mzee alianza kucheka, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, akashindwa. Mimi bado niko magotini na zipu. Mwanangu, sijui nikuambie nilijisikiaje. Nilitamani nife, lakini nisife hapo, maana wangenirekodi. Nilikaa kiti cha nyuma robo nzima ya mwaka, na hakuna aliyenituma huko. Nilikwenda mwenyewe.

Jumatatu niliingia studio nimejaa hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani. Nilikuwa nimeshajipa hadithi kwamba alizijua zile spika, kwamba alipanga. Nikuambie kweli, mpaka leo kuna siku nalifikiria hilo. Nyaboke alikuwa amekunja mikono. Nikamuuliza alijuaje kwamba nasikiliza.

"Ulinipa pole ya kikohozi, mzee," akasema. "Jumapili asubuhi. Na nilikohoa Jumamosi, hapa ndani, nikiwa na Ombati tu."

"Kwa nini hukuniambia kwamba unajua?"

"Nilingoja uchoke." Akavaa sweta yake. "Nami nimechoka kwanza. Kazi siogopi, unajua. Lakini kila ninaposhika kitu hapa, nahisi mkono wako umeshika pia. Tutaonana, mzee."

Akaondoka. Alipata kazi Kisii mjini, kwenye studio nyingine ya watu wanaotengeneza vipindi kama vyetu. Hapo ndipo nikafanya kosa lililonigharimu kuliko lile la kanisani. Nilikuwa na uhakika anawavuta wateja wangu mmoja mmoja. Nikashika simu, nikawapigia wote. "Habari ya siku nyingi. Nyaboke amekutafuta? Hapana? Hajakuambia sasa yuko wapi? Yuko Kisii mjini, kwenye studio ile mpya. Akikutafuta uniambie." Mmoja baada ya mwingine. Wengi hawakuwa hata na habari kwamba ameondoka. Mwenyekiti wa Marani akaniuliza kwa mshangao, "Kumbe yuko Kisii? Asante kwa kunijulisha." Juma lililofuata alikuwa huko na ndizi zake. Mchambuzi wa mpira naye akaenda, na wale akina mama wa Masimba. Wote niliowapoteza, niliwapeleka mimi kwa mdomo wangu, nikiwatafutia mwizi.

Yule mchambuzi alipokuja kuchukua faili zake nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza. Kama ningemwambia kipindi kitoke Ijumaa asubuhi badala ya Jumamosi, angesema nini? Akainua mabega. "Ningesema sawa. Wengi husikiliza Ijumaa wakitoka kazini." Sawa tu! Nilivunja Sabato, nikavunja watu, kwa ajili ya jambo ambalo sikuuliza. Nilidhani mteja akisikia hapana atakimbia, kwa hivyo sikumpa nafasi ya kuniambia ndiyo. Waulize watu, Kerubo. Mwambie mteja siku unayofunga na saa unayozima simu, siku ya kwanza kabisa, kabla hajakuzoea. Akikimbia wakati huo amekusaidia.

Zile karatasi za Nyaboke ukutani sikuzitoa. Mwanzo niliziacha kwa uvivu. Ombati akaendelea kuzifuata vile vile, nikaona kazi inatoka bila mimi kusimama mgongoni mwake. Nikampa neno la siri. Nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena, cheka tu. Siku moja alikosea, akapandisha kipindi ambacho hakijakatwa, mgeni anauliza kama maiki imewashwa. Zamani ningelia kwamba nilijua. Nilimwambia akirekebishe kisha aandike kwenye karatasi ya ukutani jambo la kuangalia ili kosa lisirudi. Akaandika, na halijarudi. Nilijifunza kitu hapo ambacho natamani ukianze nacho mapema: ukimpa mtu kazi, mpe na uwezo wa kuikosea. La sivyo hujampa, umemkopesha mikono yako na macho umebaki nayo.

Wewe na Chelagat kaeni chini kabla ya kufungua mabegi, mkiwa bado mnapendana. Semeni nani anaamua kuhusu wateja na nani kuhusu sauti, na mkitofautiana itakuwaje. Liandikeni. Mimi na Nyaboke hatukuandika, nilimwachia kazi yote na nikabaki na uamuzi wote, halafu nikashangaa akichoka. Mambo yenu yakishaandikwa, mwache afanye sehemu yake. Usimuulize mtu mwingine habari zake. Ukiwa na shaka naye, muulize yeye, mbele yake, kwa mdomo.

Sasa nimefika pale nilipoahidi.

Jumatano ulipokwenda mjini kununua mablanketi ya ukutani, nilifungua kompyuta yako mpya, ile tuliyokununulia ya studio. Nikaiweka ile programu. Ile ile. Nikaibadilisha jina, ikaitwa Printa. Mama yako aliingia na nguo za kukunja. "Unafanya nini na kompyuta ya mtoto?" Nikasema naisafisha. Akasema, "Imechafuka lini? Imetoka dukani jana." Tangu siku hiyo ananipa chai bila kuniangalia usoni.

Nilijiambia ni kwa usalama wako. Nilijiambia Eldoret ni mbali, na Chelagat anacheka sana. Alhamisi nikaenda kule chini kwenye majani chai, nikawasha simu nijaribu kama inafanya kazi. Inafanya. Ulikuwa chumbani, unaongea na Chelagat kwenye simu, umemweka kwa sauti ya wazi, kompyuta iko mezani. Nikamsikia akisema, "Baba yako aliniogopesha kidogo. Ni kama alikuwa ananipima." Nawe ukacheka kile kicheko chako. Ukasema, "Mzoee tu. Baba hushuku kila mtu duniani isipokuwa mimi."

Nilizima simu. Nilikaa pale katikati ya michai na kikapu kitupu, na wanawake waliokuwa wakichuma shamba la jirani wakaniuliza kama ni mgonjwa. Nikawaambia ni tumbo. Sijawahi kuona aibu namna hiyo, Kerubo. Kanisani nilionekana na watu wengi. Pale hakuna aliyeniona, na ilikuwa mbaya zaidi.

Tangu hapo nimeishika simu mara nyingi niitoe ile programu. Kidole kinafika, akili inasema: labda ataugua, labda atalia peke yake usiku, labda watamdanganya, acha iwe kwa mwezi mmoja tu. Najua sauti hiyo. Ni ile ile iliyonipeleka kanisani na jalada la zipu. Kwa hivyo itoe wewe. Ukifungua utaona kitu kimeandikwa Printa. Wewe huna printa. Kifute. Usiniachie mimi, na nikikuambia nimeshakifuta, usiniamini, kiangalie kwa macho yako. Halafu badilisha neno la siri la kompyuta, lisiwe jina la bibi yako wala siku uliyozaliwa, maana hayo nitayajaribu kwanza.

Nilitaka kukuambia haya ana kwa ana, nikaona nitaanza kujitetea, kwa hivyo barua naiweka juu ya kompyuta yenyewe. Ukirudi utaikuta kabla hujaingiza kitu begini.

Nina ombi moja, na una haki ya kulikataa. Kabla hujafuta, keti mbele ya hiyo kompyuta, useme neno moja. Lolote. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nimestahili. Nitakuwa nimesimama kule nje kwenye majani chai, simu iko sikioni, na hiyo ndiyo itakuwa mara ya mwisho. Nikishakusikia, nifungie nje, mama. Halafu toka uniite kwa mdomo wako, vile ulivyokuwa ukiniita ukiwa mdogo chakula kikiwa tayari, nami nitakuja tule.

Tata wako